Betri Mpya ya Kinanda cha Marehemu

Benchi la kona, mbele ya kibanda cha Waya fundi redio, hubeba watu watatu wakiwa na amani na wawili wakiwa na ugomvi. Asubuhi ile lilibeba wawili na kinanda. Kilikuwa kinanda cha umeme cha zamani, cheusi, kizito kama mfuko wa saruji, kimelazwa katikati yao na waya wake umepita dirishani hadi kwenye soketi. Upande huu alikaa Vidole, mpiga kinanda wa bendi, amefura mpaka shingoni. Upande ule alikaa Waya, anafuta bisibisi ambayo haikuwa chafu. Tarumbeta, dereva mstaafu aliyepewa jina hilo kwa ajili ya mdomo wake na si muziki, alisimama mbele yao kama refa. Muuza kahawa alikuwa ameshawamiminia mara mbili, na hakuna aliyemwambia asante.

— Nilikuletea ubadilishe betri, — Vidole alisema. — Betri tu. Sauti za kaka yangu ziko wapi?

— Betri ndiyo iliyokuwa inazitunza, — Waya alijibu. — Ikitoka, zinafutika. Nilikuuliza kama umezihifadhi pengine, ukaniambia nifanye kazi niache maswali.

— Ningejuaje kama swali lenyewe ni hilo?

— Ungeniacha nimalize kuuliza.

Hapo ndipo neno lilipomchoma Vidole. Marehemu kaka yake alikaa na kinanda hicho miaka mingi, akizipindapinda sauti za kiwandani mpaka zikawa zake. Moja iliwashinda watu kuipa jina, wakaiita ile sauti tu. Bibi harusi hakuingia ukumbini bila hiyo. Na Jumamosi anaolewa binti wa marehemu mwenyewe, aliyeachwa na baba yake hajaanza hata kutembea. Alimwomba baba yake mdogo jambo moja: aingie na ile sauti. Vidole aliahidi mbele ya ukoo mzima, kifua mbele.

Tarumbeta alibonyeza kitufe. Piano ikatoka, kali, inang'aa.

— Mbona kinalia vizuri?

— Hiyo ya kiwandani, — Vidole alisema. — Kila bendi inayo. Toa mkono.

— Inayo kwa sababu sauti hiyo haina mpinzani. Spika imepasuka, jenereta linanguruma, watu wanagombea soda, hiyo piano inapita katikati yao wote. Hivi vipya vina sauti maelfu, na ukifika nyumbani hukumbuki hata moja.

— Zamani nafasi ndani ilikuwa ndogo, — Waya alidakia, akifurahi mazungumzo kuhama. — Waliweka chache, wakazikaza.

— Usinifundishe kinanda changu, — Vidole alisema, na Waya akarudi kwenye bisibisi yake.

— Mimi nawaambia sauti imo kwenye betri ile ile, — Tarumbeta alisema. — Umeitupa wapi?

— Jalalani.

— Basi twende tukaichokore. Ikirudishwa upesi inazinduka.

— Haimo kwenye betri, — muuza kahawa alisema. — Ilikuwa kwenye vumbi. Nilimwona huyu akipuliza ndani kwa mdomo wake. Jasho lote la marehemu amelipuliza barabarani.

— Kama siyo hivyo, — Tarumbeta aliinamisha kichwa kuelekea kibandani, — imerukia kwenye zile redio mbovu. Ziwashwe zote. Au Waya ameihamishia kwenye kinanda cha bendi nyingine, na Jumamosi tutaisikia kwa jirani.

Ulikuwa upuuzi, na Vidole alijua ni upuuzi. Hata hivyo aliinuka akamshika Waya ukosi, kwa kuwa alihitaji mtu wa kumshika. Kikombe kikaanguka.

— Shikamoo, baba mdogo.

Bibi harusi mtarajiwa alikuwa amesimama na mfuko wa gauni, anatoka kwa fundi cherehani. Vidole akaachia ukosi.

— Marahaba, mwanangu.

— Kelele zenu zinafika hadi kule. Ni kweli imepotea?

— Imepotea.

Hakulia. Aliuweka mfuko juu ya kinanda, taratibu.

— Ilikuwa inaliaje? Niigizieni.

— Kama hivi, — Tarumbeta alisema, akatoa mlio mzito wa puani.

— Siyo hiyo, — Vidole alisema.

Muuza kahawa akajaribu mwembamba, wa kutetemeka.

— Siyo hiyo.

Waya, ukosi bado umepinda, akapiga mluzi.

— Siyo hiyo. Nyamazeni wote, mnaitukana.

— Basi toa wewe, baba mdogo.

Vidole alifumba macho. Aliisikia vizuri kabisa, pale pale ilipokuwa siku zote. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni sauti yake mwenyewe, kavu, ya mtu aliyegomba asubuhi nzima. Aliufunga haraka. Hasira ilikuwa bado nzima kifuani, ila sasa hakuona wa kumpa.

Binti alimtazama yeye, akamtazama Waya, akawatazama waliobaki.

— Sasa Jumamosi niingie na ipi?

Muuza kahawa aliinua birika awamiminie. Yakatoka machicha ya kahawa tu.