Kutembea kwa Miguu Kornishi

Basi la Matrah lilipofika kornishi, barabara ya kando ya bahari, Bi Mahbuba, aliyekaa mbele yangu, kwa mazungumzo alikuwa bado yuko likizoni Malta. "Kila alasiri, mwenzangu, nikitembea kando ya bahari mpaka miguu inaniuma. Upepo, viti, samaki unawaona majini. Raha!"

Jirani yake wa kiti, Bi Wadha, waliyejuana naye humo humo basini, akanyoosha kidole dirishani. "Na hii nini? Si bahari? Si viti?"

"Hapa nnajulikana! Mwezi uliopita nilijaribu. Hatua ishirini tu, gari tatu zishanisimamia. 'Khaloo, mama yetu, kwema? Gari imeharibika? Panda!'"

"Ukapanda?"

"Ya tatu nikapanda. Ningekataa tena ingekuwa utovu wa adabu."

"Uvivu huo! Kituo hiki tunashuka, tunatembea sote."

Mimi nilikuwa upande wa Bi Wadha, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Wakashuka. Basi halijaondoka, gari jeupe likapiga honi, likasimama kando yao. Bi Mahbuba alitikisa kichwa, akashukuru, akakataa mara mbili. Alipogeuka kumtazama mwenzake, Bi Wadha keshakaa mbele garini, anafunga mkanda.