Rafu Moja kwa Vijitabu vya Mapishi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wangu, wazazi mliotoka Kwanza, Kachibora na hata Bungoma, na wanafunzi wenzangu: hamjambo.

Naitwa Linah Nabwile, wa Kidato cha Tatu. Chama cha Sayansi Kimu kimenituma niseme machache siku hii ya kufungua maktaba yetu mpya hapa Kitale. Ombi letu ni rafu moja.

Bibi yangu, Kukhu Nakhungu, ana katoni ya vijitabu vya mapishi. Vilichapishwa zamani na kampuni ya mafuta ya kupikia ambayo siku hizi haipo, vikagawiwa bure sokoni Bungoma ili akina mama wanunue mafuta hayo. Nilimpelekea mkutubi wetu, Bwana Festus, kimoja akione. Alikipekua kwa heshima, akasema, "Linah, hiki si kitabu. Ni tangazo." Akashauri vyote vipelekwe jikoni kuwashia moto.

Nilipomweleza Kukhu, hakukasirika. Aliuliza tu, "Kwani kalenda ya duka si kalenda? Ati tarehe zake ni za uongo?"

Ndugu wageni waalikwa, tutamjibu nini?

Kukhu aliacha shule darasa la pili. Kusoma hasa alijifunzia katika ukurasa wa keki, kwa sababu ndio uliokuwa na picha, na kwa sababu ukikosea kuusoma, unalionja kosa lako. Kijitabu kilisema keki iingizwe katika tanuri. Yeye hakuwa na tanuri, akaweka sufuria jikoni na kupanga makaa juu ya kifuniko. Kilisema atumie mafuta ya kopo. Alitumia samli ya ng'ombe wake. Hakuwahi kununua mafuta ya kampuni ile. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kama kile kilikuwa tangazo, kilishindwa kabisa. Kama kilikuwa kitabu, kilifaulu.

Sikatai kwamba kuna yaliyoeleweka vibaya. Katika picha ile, kopo la mafuta limesimama kando ya keki, na akina mama wa kwetu walidhani hivyo ndivyo keki inavyowekwa mbele ya wageni. Mpaka leo, katika harusi za ukoo wetu, kopo tupu ambalo Kukhu aliliomba kwa jirani husuguliwa likang'aa, kisha husimamishwa mezani. Shangazi Agneta alipoolewa kule Kwanza, kopo lilisahaulika Bungoma, na keki haikukatwa mpaka lilipoletwa. Mzee Jairus, aliyeongoza sherehe, aliuliza kopo tupu lina kazi gani. Akaulizwa na yeye ana kazi gani.

Siku moja mtu ataandika kwamba hii ni mila ya kale. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Tukivichoma vijitabu, tutabaki na kopo bila maelezo.

Mwalimu Mkuu amesema uamuzi utatolewa baada ya hotuba hii. Kukhu yuko hapa, ameketi safu ya tatu, katoni mapajani. Ameombwa aiweke chini, akasema ataiweka pale itakapokaa. Katoni ni nzito, na yeye si mtu wa kuwauliza wakubwa jambo. Naomba tu mmoja wenu amwonyeshe mahali.

Nawashukuru nyote. Asanteni kwa kunipa sikio.