Mwenye Sikukuu Hashiki Gundi

Ifikapo tarehe 30 Novemba, mwalimu wetu wa darasa la kwanza atastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha, yote katika chumba kimoja, kile cha mwisho kwenye korido, chenye mlango unaogoma kufunga wakati wa mvua. Wenzake tunamwita Mwalimu. Watoto, pamoja na wazazi ambao nao walipita mikononi mwake, wanamwita Bibi Gundi, naye huitika bila kinyongo.

Jina hilo alilitolea jasho. Gundi ya dukani haikuwahi kutosha shuleni, kwa hiyo alipika yake mwenyewe: unga wa ngano, maji na chumvi kidogo, akakoroga kwenye sufuria mpaka ushike. Mwaka mmoja mwalimu mgeni wa hesabu aliikuta sufuria hiyo mezani saa ya mapumziko, akajimiminia kikombe. Alipofika nusu aliuliza kwa adabu kama sukari imeisha. Mwalimu huyo ana mvi sasa, lakini bado akiingia ofisini hakosi mtu wa kumwambia, "Karibu uji."

Karatasi nazo alizipata kwa karani wa shule, aliyemwekea nyaraka zilizopitwa na wakati. Upande mmoja ulikuwa na maneno ya ofisi, wa pili ulikuwa mweupe. "Karatasi haizeeki pande zote mbili kwa pamoja," alizoea kusema. Kutokana na nyaraka hizo watoto walikata herufi, tarakimu, samaki, na minyororo mirefu ya pete za karatasi iliyozunguka darasa zima. Katika chumba hicho watoto wa mitaa mitatu walijifunza kusoma. Mara mbili aliombwa awe mwalimu mkuu msaidizi, na mara zote mbili alijibu kwamba ofisini hakuna mtu wa kufundishwa kufunga kamba za viatu.

Lakini kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya ni ile iliyomletea barua ya onyo, na hiyo hatuwezi kuipita kimya kimya kwa sababu tu hii ni siku ya furaha ya kumuaga.

Alipoajiriwa, ukuta wa nyuma wa darasa ulipambwa kwa sikukuu za dini moja tu. Ni dini ipi, haina maana kuitaja, kwa sababu shule ya mtaa wa juu ilifanya vivyo hivyo kwa dini nyingine. Siku moja msichana mdogo aliutazama ukuta ule kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, na yetu inakuja lini?" Mwalimu alilichukua swali hilo hadi nyumbani. Jibu alilitafuta wakati wa likizo, na muhula ulipofunguliwa alikuja na kanuni ambayo hakuna mtoto wake aliyewahi kuisahau: mwenye sikukuu hashiki gundi.

Maana yake ni hii. Ikikaribia Idi, watoto ambao si Waislamu ndio wanaokata miezi na taa za karatasi, wakapanda viti na kutundika. Ikikaribia Krismasi, watoto ambao si Wakristo ndio wanaotengeneza nyota, hori na punda. Mwenye sikukuu anakaa mbele kama bwana harusi na kuelekeza tu. Bwana harusi hapiki pilau ya harusi yake, wanapika majirani. Na kwa kuwa huwezi kumpambia mtu bila kumuuliza anapenda nini, watoto waliulizana. "Huo mwezi mmeulaza, unalala nini saa hizi? Uinueni!" "Punda havai viatu, wewe!" "Huyu wa kwetu anavaa, safari ni ndefu." Wale ambao kwao hakuna sikukuu yoyote ya dini ndio waliokuwa mafundi wa misimu yote, na waliringa kweli kweli.

Si kila mtu alielewa mara moja. Mama mmoja, fundi cherehani, alikuja amefura. "Mwanangu kutwa nzima anawakatia watu punda wao! Nimemleta huku asome au achunge?" Mwalimu alimvutia kiti akamwambia, "Mama, punda hana dini. Ngoja zamu yenu ifike, kisha uje unigombeze vizuri." Zamu ilipofika, mama yule alimkuta mwanawe amekaa mbele, ameweka mikono kiunoni, wenzake wanahangaika juu ya viti kwa ajili yake. Hakugombeza. Wiki iliyofuata alileta mfuko wa vipande vya vitambaa vinavyong'aa, na hajaacha kuvileta hadi leo.

Mwaka huu ofisi ya elimu ilitoa waraka unaosema kwamba madarasa ya shule za umma yasiwe na mapambo yenye alama za dini. Tuwe waadilifu tueleze kwanza waraka huo unataka nini, maana shina lake si baya. Shule ya umma ni ya wote. Mwalimu hana ruhusa ya kumwelekeza mtoto wa mtu aabudu vipi. Ukuta unaopambwa kwa sikukuu za upande mmoja mwaka hadi mwaka unamwambia mtoto wa upande wa pili kwamba yeye hapa ni mgeni. Huo ni ugonjwa, na unahitaji dawa. Ila dawa hupewa mgonjwa. Hapa wamekwenda kwenye nyumba ambayo ugonjwa ulitibiwa zamani, wakamlaza daktari kitandani na kumdunga sindano yeye!

Mkaguzi alikuja siku chache kabla ya Idi, wakati watoto wameshatundika nusu. Hakuuliza nani alimpambia nani. Alimwagiza mtunza shule alete ngazi na kushusha kila chenye mwezi au nyota. Ikashuka minyororo, zikashuka taa. Ikashuka pia picha ya somo la sayansi inayoonyesha mwezi unavyokua kutoka mwandamo hadi mpevu. Zikashuka nyota ambazo Mwalimu huwabandikia waliosoma vizuri. Mwisho mtunza shule alifika kwenye ile alama kubwa nyekundu ya kujumlisha iliyokuwa juu ya ubao. "Na hii, mkubwa?" Mkaguzi aliitazama, akainamisha kichwa upande mmoja, akakigeuzia upande wa pili. "Itoe," akasema, "tusije tukaulizwa." Tangu siku hiyo darasa la kwanza linajumlisha kwa imani tu.

Tungecheka na kuishia hapo, kama si msichana mmoja aliyeanza kulia. Mkaguzi aliandika kwamba mtoto ameumizwa katika imani yake. Hakumuuliza. Sikukuu ile haikuwa yake hata kidogo. Yeye alikuwa mmoja wa waliokata taa. Alichokuwa akisema katikati ya kwikwi ni hiki: "Sasa tutawapa nini?"

Barua ya onyo ilifuata, nakala kwake na nakala kwenye faili, ikimtuhumu Mwalimu kwa kuingiza mambo ya dini darasani. Aliambiwa kwamba akiandika maelezo ya kujutia, barua itaondolewa kwenye faili na atastaafu akiwa na jina safi. Asipoandika, itabaki humo. Mwalimu mkuu, ambaye kwa kweli anampenda, alimsihi. "Andika tu, dada yangu, mambo yaishe. Umebakiza miezi michache." Akajibiwa, "Yataisha kwako. Nikijuta, nitakuwa nimewaambia watoto kwamba walikosea kumpambia mwenzao." Hakuandika. Anastaafu na onyo, mtu ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi hata kuchelewa kengele. Tunaiambia ofisi waziwazi, na tunaomba maneno haya yafikishwe kwake: mmekosea, na aibu ni yenu. Na ile alama ya kujumlisha mturudishie, tuna watoto wa kufundisha.

Sasa inueni macho. Mapambo mnayoyaona juu ya vichwa vyenu yametundikwa jana na darasa la kwanza, wakisaidiwa na yule fundi cherehani na vitambaa vyake. Kuna miezi, kuna nyota, na kuna punda mmoja mwenye viatu. Endapo mgeni yeyote wa heshima ana wasiwasi, tumeusoma waraka vizuri: unataja madarasa. Huu ni ukumbi wa kulia chakula.

Mwalimu hakuruhusiwa kugusa chochote. Alipojaribu kuchukua brashi, alizuiwa na yule yule msichana aliyelia: "Bibi, leo ni yako. Kaa." Akakaa. Gundi hakushika, lakini karatasi alileta. Tazameni mnyororo ulio juu ya mlango, zile pete nyeupe zenye maandishi ya taipu na alama za muhuri wa zambarau. Hiyo ndiyo barua ya onyo. Karani aliitambua, akashika kichwa. Mwalimu alimtuliza: "Upande wa pili ulikuwa bado mweupe, mwanangu."

Asante, Mwalimu, kwa niaba ya kila aliyewahi kukalishwa mbele na kila aliyewahi kupanda kiti kwa ajili ya mwenzake. Tunakuombea afya, magoti yasiyolalamika, wajukuu wenye makelele, na nyumba ambayo milango yake inafunga hata mvua ikinyesha. Kaa hapo hapo ulipo, usiinuke. Gundi tunashika sisi.