Maji ya Gari: Safari za Semei Mafabi

Ndugu waombolezaji, mlioketi chini ya mahema na mliosimama kando ya barabara, familia inawaomba utulivu, kwa kuwa historia hii ni ndefu kuliko mlivyozoea, na mmoja wenu ametoka Jinja asubuhi na mapema kuja kuisikiliza bila kujua kwamba naye yumo ndani yake.

Marehemu Semei Mafabi alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, hapa hapa Malukhu, mtoto wa marehemu mzee Eriyasafu Mafabi na marehemu mama Nabifo, na kati ya watoto wa nyumba hiyo waliokua ni wawili tu, yeye na mdogo wake Gaster, aliyezaliwa mwaka 1962, ambaye marehemu alimbeba mgongoni mpaka watu wakamtania kwamba kijana huyu amezaliwa na kibiongo.

Alisoma shule ya msingi hapa Mbale kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, akaingia sekondari, akaishia kidato cha pili baba yao alipofariki mwaka 1967, na hakuwahi kulilalamikia jambo hilo, alikwenda kwa mjomba wake aliyekuwa na lori akajifunza kuendesha na kutengeneza gari.

Mwaka 1970 alihamia Jinja, akaajiriwa udereva katika kiwanda cha nguo, na hata Wahindi wenye kiwanda walipofukuzwa nchini mwaka 1972 na mashine zikaanza kusimama moja baada ya nyingine, yeye aliendelea kusafirisha kilichokuwepo, pamba, sabuni, chumvi, mpaka mwaka 1981 alipoweza kununua pikapu yake mwenyewe, iliyokuwa kuukuu, yenye rejeta inayovuja, na aliyekuwa akiikimbilia na maji kila inapochemka ni Gaster, ambaye alikuja kutoka Mbale kuwa utingo wa kaka yake.

Tarehe 18 Desemba 1976 marehemu alifunga ndoa na Janepher Namukose wa Nalufenya, pale pale Jinja, bibi harusi akiwa katika gauni la kuazima, kwa sababu mwaka ule hata uzi ulikuwa haupatikani madukani, na Mungu akawajalia watoto watatu, Edisa mwaka 1978, Robinah mwaka 1982, na Gaster mdogo mwaka 1987, ambaye mtaelewa baadaye kwa nini anaitwa hivyo. Vita vya mwaka 1979 vilipopita walikimbia na mtoto, waliporudi wakakuta mlango wa nyumba umeng'olewa pamoja na bawaba zake, marehemu akatundika gunia mlangoni na kesho yake akaenda kazini.

Sasa tunafika mahali ambapo watu wengi wa Malukhu wanadhani wanapajua, na hawapajui.

Siku ya Jumanne, tarehe 28 Januari 1986, jeshi lililokuwa limeshindwa Kampala likipita Jinja kukimbilia kaskazini, wanajeshi waliisimamisha pikapu ya marehemu pale Nalufenya, wakaipakia magodoro, cherehani na milango ya watu, wakapanda juu yake, Gaster akiwa kati yao, na luteni wao akaketi mbele, akagonga dashibodi mara mbili kwa pete yake na kusema, "Dereva, twende," wala hakuuliza jina la dereva wala kumtazama usoni, tangu Jinja mpaka Mbale, na tangu Mbale mpaka kule mbele ya Muyembe ambako nchi inakauka, miti inageuka miiba, na ardhi imepasuka makorongo marefu ya mawe mekundu ambayo mvua huyapitia mara chache kwa mwaka.

Kesho yake, katikati ya mchana, gari lilichemka kwenye mlima ulio juu ya makorongo hayo, maji ya rejeta yakawa yamekwisha, luteni akatoa amri, "Shusha huyo kijana, gari ni mzito," naye marehemu akamsihi, "Afande, huyu ni ndugu yangu, na huku hakuna maji, shusha hata cherehani moja," akajibiwa, "Cherehani inaenda kwa mama yangu. Wewe una mama? Basi endesha, umuone tena." Gaster alikuwa na chupa ya maji ya kunywa, luteni akamnyang'anya, akaimimina yote kwenye rejeta na kusema, "Maji ni ya gari," wenzake wakacheka, na Gaster, ambaye hakuwahi kuacha utani, akampungia kaka yake mkono na kumwambia, "Kaka, nenda tu, nakuja polepole, mniwekee chakula."

Marehemu aliendesha huku mdomo wa bunduki ukiwa mbavuni, wakamwachilia mbali sana na gari wakalichukua, akarudi kwa miguu, akaomba maji kwa wachungaji wa ng'ombe, akamkuta Gaster ndani ya korongo, chini kabisa, mahali alipokuwa amechimba mchanga kwa mikono akitafuta maji, kucha zimemtoka, na kwa kuwa hapakuwa na jembe wala mtu wa kusaidia kubeba, alimzika kwa kumfunika mawe.

Alipofika nyumbani akamweleza mama Nabifo, mama hakukubali, alisema, "Wewe ndiye uliyeshika usukani. Mtu mwenye akili anamwacha mdogo wake jangwani? Umemuuza kwa askari ili wewe upone," na akaapa kwamba hatakula wala kunywa nyumbani kwa Semei mpaka aliyemshusha Gaster aje aseme kwa kinywa chake kwamba ni yeye, na neno hilo likatoka uani likaenda kisimani, likatoka kisimani likaenda sokoni, na wapo humu chini ya mahema waliolibeba, familia inawajua, leo imewapa viti kama wengine.

Kwa hiyo miaka ya amani ilipoanza kurudi, watu wakiezeka mabati mapya na kununua milango mingine, marehemu aliishi Jinja kama mtu aliyefukuzwa kwao, kila Krismasi akaja Malukhu na sukari na kitenge, mama akapokea vitu hivyo mlangoni, asimkaribishe ndani, na kila mwaka mwezi wa Januari, barabara ikiwa na usalama au haina, marehemu alikwenda peke yake kule makorongoni kulirudishia kaburi mawe yaliyosombwa na maji, ndivyo alivyoijua ile nchi, njia zake za kushukia, kivuli chake kinakaa wapi saa ngapi, na wachungaji wake kwa majina.

Wanaouliza mtu wa huku kwetu mlimani alipataje kuwa dereva wa kutembeza wageni jangwani, jibu ni hilo. Mwaka 2009, bunduki zilipopungua kule, alihamia Mbale na mkewe, akapata gari lingine, akaanza kuwapeleka watu kutazama makorongo, safari ya siku moja, gari moja kwa kundi moja, hakuwachanganya wageni, wanatoka alfajiri na kurudi jioni, mkewe anafunga chapati, mayai na ndizi, na sheria yake ilikuwa moja, gari haliondoki bila madumu mawili ya maji, moja la watu na moja la gari, na la watu haliguswi hata injini ikiwaka moto.

Mwezi wa Januari mwaka 2012 alipigiwa simu na mteja wa Jinja, mfanyabiashara anayeheshimika, mjumbe wa kamati nyingi, mwenye kiti chake mbele kanisani, aliyesema anataka safari ya peke yake na mkewe, kwa maneno haya, "Nilipita huko zamani, ni pazuri, nataka mama naye aone." Jumamosi tarehe 14 marehemu aliwachukua, bwana akaketi mbele, akagonga dashibodi mara mbili kwa pete yake na kusema, "Dereva, twende."

Marehemu alisimulia kwamba aliendesha moja kwa moja mpaka Muyembe. Aliwaonyesha kila anachomwonyesha mgeni, mawe yanayobadilika rangi jua likipanda, mapango ya popo, nyayo za swala, kisha akawashusha mpaka chini ya korongo la mwisho, mbele ya mawe, na akaeleza kama anavyoeleza kila mahali, kwa sauti ile ile ya kazi, kwamba hapa amelala Gaster Mafabi, utingo, aliyeshushwa kule juu tarehe 29 Januari 1986 na Luteni Yekosofati Isabirye, ambaye ni huyu.

Mke wa bwana huyo, mama Betty, alimgeukia na kumwuliza, "Isabirye, si uliniambia mlipita hapa mkiimba?" Naye akajibu kwamba vita ni vita, na kwamba madereva walikuwa wengi, atamkumbuka yupi.

Ndipo marehemu akampandisha mama Betty mpaka garini, akamkalisha kivulini, akampa maji na mayai, akarudi chini na dumu la maji ya gari, akamwambia bwana kwamba kaburi hili mwaka huu halijarudishiwa mawe na gari haliondoki mpaka mawe yarudi, na afande alibeba mawe kutoka mkondo ule mkavu, akiwa na viatu vyake vya kanisani, mchana kutwa, na kila alipoomba maji aliambiwa, "Maji ni ya gari, afande," mpaka kaburi likamfika kiunoni na midomo yake ikapasuka. Jua lilipoanza kushuka alipiga magoti, akaapa kwa Mungu na kwa mkewe kwamba Jumapili ile ile angekuja Malukhu kwa mama Nabifo kusema, "Mimi ndiye niliyemshusha," marehemu akampa maji akamrudisha Jinja, na hilo ndilo kosa pekee la marehemu ambalo mjane wake hakumsamehe, kwamba alimrudisha.

Jumapili mama Nabifo alivaa gomesi, gauni lake la heshima, akakaa mlangoni, kwa kuwa marehemu alikuwa amempelekea habari, akakaa mpaka giza. Jumanne polisi walikuja kumkamata marehemu kwa shitaka la kumteka mzee anayeheshimika, akakaa mahabusu zaidi ya mwezi, akapigwa, gari likazuiwa, akatoka kwa sababu moja tu, kwamba mama Betty alipanda basi la asubuhi, akasimama mbele ya mkuu wa kituo na kusema, "Hakuna aliyetekwa. Mume wangu alibeba mawe, na alikuwa na deni la kuyabeba."

Mama Nabifo alifariki tarehe 9 Novemba 2015 bila kula nyumbani kwa mwanawe, na alipokuwa hoi hospitalini marehemu alimletea uji, mama akafunga mdomo, akapokea ule wa muuguzi.

Baada ya hapo marehemu hakuendesha tena safari nyingi, shinikizo la damu lilimwanza mahabusu na halikumwacha, mwezi wa Oktoba 2018 alipooza upande wa kulia, mkono wa ufunguo wa gari na mkono wa kushikana na watu, na baada ya kuuguzwa nyumbani na hospitalini alifariki siku ya Jumatatu tarehe 4 Machi 2019, saa kumi na moja alfajiri, saa aliyozoea kuwasha gari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, inamshukuru jirani Nulu aliyemgeuza kitandani wakati mjane amelala kwa uchovu, inamshukuru Asadu na madereva wenzake wa stendi waliofunga barabara kwa heshima mwili ulipopita, inawashukuru wachungaji wa makorongoni waliotuma jiwe moja jekundu, lile mnaloliona juu ya sanduku, na zaidi inamshukuru mama Betty, ambaye hakuketi hema la mbele, ameketi kwenye mkeka na wafiwa, na ataketi hapo mpaka matanga yaishe.

Mzee Yekosofati Isabirye, familia imeona shada lako la maua na imelipokea, maua hayana kosa, lakini fahali uliyemleta amefungwa kwenye nguzo ya umeme kando ya barabara na utaondoka naye, kwa sababu nyama yake hakuna atakayeitafuna hapa. Katika ratiba umeandikiwa nafasi ya kuzungumza kama rafiki wa familia, mara tu historia hii ikimalizika, na nafasi hiyo bado ni yako, ila maneno yamebaki matatu, unayajua, uliyaapia, mama aliyeyangoja yuko kaburini hapo mkono wa kushoto, na Malukhu nzima iliyomwita Semei muuza ndugu imekusanyika kukusikia. Ukiyasema, utachukua udongo kama wengine. Usipoyasema, vijana wamesimama kaburini na wameambiwa mkono wako usiguse udongo wetu, na yale madumu mawili mnayoyaona, moja ni la kunawa mikono kwa kila aliyemzika Semei, na la pili, mzee, ni la gari, uko huru kulipakia, safari ya Jinja ni ndefu na jua ni kali.

Semei, umeendesha vya kutosha, lala karibu na mama yako, leo atasikia. Pumzika wewe, amani tunaingoja kwenye kinywa cha mtu, na kipaza sauti hiki anakabidhiwa sasa.