Usaili wa Jengo la Vioo

Benchi la Fundi Cherehani lina mguu mmoja mfupi, na wanaolikalia kila jioni wamezoea kuegemea upande mmoja bila kuambizana. Jioni hiyo walimwacha Meneja akae katikati, pale pasipoyumba, heshima ambayo hawajampa hata mgonjwa. Meneja ni jina walilompa siku alipoingia chuo cha biashara. Ni mpwa wa Fundi, na Fundi ndiye aliyemlea tangu dada yake afariki. Kesho asubuhi ana usaili wa mafunzo kazini kwenye jengo la vioo, kule barabara kuu. Nafasi mbili amekwisha kuzikosa. Akikosa na hii chuo hakimpi cheti, na miaka yote ya kusoma inakwenda na maji. Mwalimu wao wa chuo alikuwa amewaambia wafanye mazoezi mbele ya watu wazima wasioona haya kuuliza maswali. Wa namna hiyo, jamani, Meneja alikuwa nao tele.

Jaji, tarishi mstaafu wa mahakama aliyejipa cheo mwenyewe, alikohoa akafungua kikao.

— Binti, tueleze wewe ni nani.

Meneja akajieleza kama alivyokariri: mchapakazi, mwaminifu, anaelewana na watu wa kila aina. Hakukwama hata mahali pamoja. Fundi akaafiki kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umejaa pini.

— Umesema mengi mno, Jaji akahukumu. Ukiulizwa, nyamaza kwanza. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Ninyamaze mpaka lini, babu?

— Mpaka waogope.

Birika, muuza kahawa, hakukubaliana. Kwake yeye kosa la vijana ni kuwahi. Ukifika mapema wanajua una njaa, na mwenye njaa hapewi kazi, anapewa pole. Achelewe kidogo. Mwenda pole hajikwai. Fundi akatema pini zake akasema hapana, tatizo ni viatu. Mara ile ya pili mtoto alikosa kwa sababu ya viatu, na wote hapo walikwisha kukubaliana hivyo. Ndiyo maana safari hii amemshonea na sketi mpya kabisa, kwani maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Sketi haisaidii kama hajui bosi ni yupi, Birika akasema, sauti ameishusha. Bosi mwenyewe hakai na wasaili. Huwa anafagia kule koridoni. Kila mwenye ufagio, mpe shikamoo.

Jaji akaongeza kwamba katika wale wasaili, wote wamekodiwa kukunja uso isipokuwa anayesinzia. Huyo ndiye mwenye uamuzi. Ajibu maswali yote akimtazama huyo, hata kama anakoroma.

Siku nyingine Meneja angecheka mpaka kahawa imtoke puani. Leo moyo ulikuwa mzito. Alikuwa anaogopa, na alijua hata wao wanaogopa, ndiyo maana hawanyamazi.

Hapo akaja mama mmoja mgeni wa mtaa, ameleta suruali ya mwanawe ipunguzwe. Alisimama akisubiri Fundi amalize kupima upindo, akasikiliza, kisha akauliza kwa upole.

— Samahani, wazee wangu. Hiyo kampuni yenyewe inafanya biashara gani?

Fundi akamtazama Jaji. Jaji akamtazama Birika.

— Ni... pale kwenye vioo, Jaji akasema. Mambo ya ofisi.

Wote wakamgeukia Meneja. Yeye alikuwa amepeleka barua ile ile kwa kampuni kumi, amebadilisha jina juu tu.

— Sijui, akasema.

Neno hilo lilimuuma kulitamka. Akakumbuka ule usaili wa pili, yule mama wa makamo aliyeuliza bidhaa zao anazionaje, naye akamjibu kwamba yeye ni mchapakazi na mwaminifu. Yule mama alimtazama kwa huruma, akafunga faili. Meneja akarudi hapa benchini akalia, na wote wakamwambia ni viatu.

— Mjomba, siyo viatu, akasema. Hawakuangalia viatu.

Fundi akainamia upindo wake. Mtaa mzima alikwisha kuutangazia kwamba mpwa wake anakwenda jengo la vioo, na hakuna siku hata moja aliyowaza kuuliza mle ndani kuna nini. Aibu ilimshika mpaka akashindwa kuinua macho.

Meneja alikwisha kusimama.

— Unakwenda wapi? Jaji akauliza.

— Kumuuliza mlinzi wa getini. Labda hawajafunga.

— Na wakiwa wamefunga?

— Nitawauliza wanaotoka.

Fundi akamwomba radhi yule mama wa suruali, akafunika cherehani.

— Ngoja, mwanangu, akasema. Twende wote. Na mimi nataka kujua.