Ephrasia Kokugonza na Chama Kilichohama

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, mlio Bukoba mjini, mlio Muleba, na mlio kule kisiwani Bumbire. Leo tunamkumbuka mama ambaye hakujua kutulia. Ni Mama Ephrasia Kokugonza wa Kamachumu, aliyezikwa Jumamosi iliyopita.

Baba yake alilima kibanja kisichokuwa chake. Migomba aliipanda yeye, kahawa aliipalilia yeye, lakini ardhi ilikuwa ya nyarubanja, mali ya bwana mkubwa, na kila mavuno bwana huyo alipata fungu lake. Siku moja Ephrasia alimkuta baba yake amepiga magoti mbele ya bwana yule, akiomba asifukuzwe. Jambo hilo lilimkaa rohoni.

Kwa hiyo chama cha kudai uhuru kilipofika Kamachumu, msichana yule alijiunga. Alitembea hadi Kagoma kuwaita wanawake mkutanoni. Uhuru ukaja. Baadaye sheria ikafuta nyarubanja, na kibanja kikawa cha baba yake. Kisha, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha. Chama kikatamka wazi kwamba siasa yake ni ujamaa, na kwamba kiongozi haruhusiwi kuwa na nyumba ya kupangisha.

"Mae alilisikia redioni, akatoka uani akacheza peke yake," anasimulia binti yake, Anatolia, ambaye Mae kwake ni mama. "Alisema sasa hakuna tena mtu wa kupigiwa magoti."

Ephrasia akawa katibu wa tawi. Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa rweya, kule kwenye mbuga ya majani matupu, alihamia wa kwanza. Alihama kwa hiari yake, wasikilizaji, kwa hiari. Udongo wa kule ulikuwa hafifu na migomba ikadumaa. Akahangaika na samadi, akahangaika na mihogo, lakini hakurudi.

Mwaka 1974 hiari ikageuka amri. Kiongozi mmoja, Bwana Josia, alifika na mgambo kumhamisha Mzee Byabato, aliyekataa kuacha kibanja walimozikwa wazazi wake. Ephrasia akaenda akaketi mlangoni pa mzee.

"Katibu, unapinga chama?" Josia akauliza.

"Sipingi chama. Mimi nilihama kwa miguu yangu. Huyu mnataka kumbeba. Ujamaa nilioukubali mimi si huu."

"Toka mlangoni!"

"Semeni naye, waitu, tafadhali. Mkimshawishi, nitambebea mizigo mimi mwenyewe. Ila msimguse."

Hawakumgusa. Mzee Byabato alibaki kwenye kibanja chake hadi alipokufa. Ephrasia, yeye alivuliwa ukatibu wiki ileile. Hata waliomheshimu wakaanza kumkwepa njiani.

Miaka ikapita. Wengi wakaondoka rweya, yeye akabaki. Miaka ya tisini ikaingia, na chama chenyewe kikalegeza masharti ya Azimio. Sasa kiongozi aliweza kuwa na nyumba za kupangisha, aliweza kununua hisa. Wanachama wakaitwa Kagoma kuelezwa. Aliyesimama kueleza alikuwa Bwana Josia yuleyule.

"Wakati umebadilika, mama zangu," akasema.

Ephrasia akainuka. "Bwana Josia, ulinivua ukatibu ukisema mimi si mjamaa. Leo mimi niko palepale rweya. Chama ndicho kimehama. Kimekwenda wapi, na mbona sisi hatukuulizwa?"

Watu wakacheka. Josia naye akacheka. Ephrasia hakucheka. Aliketi, na Josia akaendelea na hotuba yake.

Wengi walidhani atarudisha kadi ya chama. Hakurudisha. Kila mkutano alikwenda, na kila mkutano aliuliza swali lilelile. Hata mwaka huu, miguu ikiwa imeishiwa nguvu, alikwenda akiwa ameshikiliwa na wajukuu.

"Nilimwambia, Mae, pumzika basi, hawa hawakusikilizi," anasema Anatolia. "Akanijibu, 'Ninajua. Lakini nisipokwenda, watasema tulikubali sote.'"

Anatolia, wajukuu, na ukoo mzima pale Kamachumu, poleni sana. Mungu amlaze mama mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize, wasikilizaji wapendwa: yale tuliyoyaamini kwa moyo wote tukiwa vijana, yaliachwa siku gani? Na siku hiyo, sisi tulisema nini?