Bibie Anafundishwa Kupaa

Benchi ni ubao juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Fundi Pindo, mshonaji. Wenyewe ni walewale: Rubani, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake barabarani; Kamusi, kinyozi wa jirani, ambaye hakuna jambo asilolijua hata kama limetokea sasa hivi; na Mama Birika, anayewauzia kahawa na kuwasuta bure. Fundi alikuwa amewaambia kwamba anapanda ndege kumtembelea binti yake ughaibuni, wiki mbili tu, na kwamba atasafiri na Bibie, paka aliyeachwa na marehemu mkewe. Hizo wiki mbili zilikuwa uongo. Binti alishamwambia, baba, njoo tukae wote, kukaa huko peke yako basi. Fundi, aliyekunywa kahawa na watu hawa tangu kichwa chake hakina hata mvi moja, alikosa mdomo wa kuwaaga. Bahati nzuri walilivamia suala la paka, naye akawaachia walitafune.

Asubuhi hiyo Bibie alikuwa ndani ya kizimba cha plastiki, juu ya meza ya cherehani, na Fundi alikuwa akikanyaga pedali ili paka azoee mtetemo.

— Ongeza mwendo, alisema Rubani. Ndege ikianza kupaa inatikisika kuliko hivyo.

— Nikiongeza nitakata uzi.

— Kwani unashona?

Kweli, hakuwa akishona. Akaongeza. Bibie alipiga mwayo, akajikunja, akalala. Paka aliyekulia chini ya cherehani hiyohiyo angeshtuka nini?

— Kupaa kafaulu, alisema Kamusi. Kazi iko kwenye masikio. Kule juu yanaziba. Mtu anatafuna peremende. Paka utamtafunisha nini?

— Kichwa cha samaki, alisema Rubani.

— Ndani ya ndege? Abiria wote washuke njiani?

— Daktari wa mifugo kasema asishibe sana kabla ya safari, alisema Fundi. Na dawa ya usingizi nisimpe. Kamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, kanipa na cheti.

Rubani aliweka kikombe chini.

— Kamchoma paka chanjo ya mbwa? Basi akifika kule akabweka, asilaumiwe mtu.

— Hilo dogo, alisema Kamusi. Paka ana roho saba. Kwenye tiketi wameandikwa paka wangapi?

— Mmoja.

— Umekwisha. Roho sita zinasafiri bila tiketi.

— Wewe unayo moja na hujui uitumie wapi, alisema Mama Birika. Kunywa kahawa.

Kamusi hakutikisika. Alieleza kwamba afisa wa uhamiaji humkodolea macho msafiri ili aone kama ana hila, kwa hiyo paka afundishwe kutazama chini. Rubani akasema akitazama chini watajua kaficha kitu; bora alie kidogo, kwa adabu. Wakabishana alie mara moja au mara mbili. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka na kicheko kimekwisha. Akajifanya anapuliza vumbi kwenye cherehani. Ilimuuma, tena sana, kwamba kule kwa binti hakutakuwa na mtu wa kumwambia upuuzi kama huu.

— Sasa somo la kutua, alisema Rubani. Akakiinua kizimba kwa mikono miwili, juu ya kichwa.

Hapo ndipo alipofika mpangaji mpya wa nyumba ya pili, dada mmoja mwenye sketi iliyokufa zipu mkononi. Alikaa pembeni ya benchi, akamtazama paka aliyekuwa hewani.

— Mnampeleka wapi?

— Anasafiri na Fundi, alisema Mama Birika. Kwa ndege.

— Fundi unakwenda kwa muda gani?

— Wiki mbili, walijibu wote watatu, kabla Fundi hajafungua mdomo.

Dada akafikiri kidogo.

— Wiki mbili tu, si paka angebaki kwa jirani?

Rubani alibaki na kizimba hewani. Mama Birika aligeukia mkaa wake, akaanza kuuchochea ilhali ulikuwa unawaka vizuri. Fundi aliwatazama mmoja mmoja, akisubiri mtu aropoke chochote, maana hapo kijiweni hakujawahi kukosekana wa kuropoka. Hakuna aliyeropoka. Akajua kwamba wameshajua, na pengine walijua tangu siku ya kwanza aliyomtaja paka.

— Sketi yako iache, njoo uichukue kesho, alimwambia yule dada.

Rubani alikishusha kizimba mezani, taratibu, Bibie hata asijue.

— Unajua, saa za kule si kama zetu, alisema Kamusi hatimaye, macho yake yakiwa kwenye kikombe. Huenda hata wiki zao ni ndefu kidogo.

Hakuna aliyembishia.